MAONI YETU: Kolwezi nayo ipewe njia ya ubingwa

Muulize shabiki yeyote wa mpira hapa Kolwezi, awe uwanjani Manika au barazani kwake Dilala, nani atachukua ubingwa wa Kongo msimu ujao. Hatakutajia AS Simba wala Blessing FC. Atasema TP Mazembe. Akipenda ubishi ataongeza Lupopo, Maniema Union, Vita Club au timu nyingine ya Kinshasa. Hata yule asiyekosa mechi ya Simba atajibu hivyo hivyo, na haoni aibu, maana anasema kweli. Mashindano ambayo mji mzima unajua kwamba hayauhusu yana kasoro. Kasoro hiyo imetengenezwa na watu, basi watu wanaweza kuiondoa.

Tazama rekodi. Kuanzia 2011 hadi 2024, kila mara ligi ya nchi, Linafoot, ilipotangaza bingwa, bingwa huyo alikuwa Mazembe au Vita. Vita ilipata mara 3, mwaka 2015, 2018 na 2021. Zilizobaki zote zilikwenda Lubumbashi. Mwaka 2025 Aigles du Congo ikakata mlolongo huo, na tuliipongeza. Lakini Aigles nayo ni timu ya Kinshasa. Kombe lilihama mtaa, halikuhama kutoka katika miji ile miwili.

Haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1983 bingwa wa nchi alitoka Mbuji-Mayi, Sanga Balende. Mwaka 1985 kombe likaenda Kananga kwa US Tshinkunku. Almasi ya kampuni ya MIBA ilikuwa ikifanya kazi Kasai, shaba ya kampuni ya Gécamines ilikuwa ikifanya kazi kwetu, na mji wa mikoani uliweza kumlipa mchezaji wake mshahara wa maana akabaki nyumbani. Gécamines ilipofika 1986 ilikuwa ikitoa tani zaidi ya 470,000 za shaba kwa mwaka. Mgodi wa Kamoto ukaporomoka Septemba 1990, uzalishaji ukaanguka, na pamoja nao vikaanguka shule, hospitali na viwanja vilivyokuwa vikiishi kwa mkono wa kampuni. Shaba imerudi, tena kwa wingi kuliko zamani. Mpira wa mji haujarudi nayo.

Tuseme wazi kabla hatujaeleweka vibaya: hatuna ugomvi na Mazembe. Timu hiyo iliyoanzishwa 1939 ndiyo iliyotwaa kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968, ikalirudia 2009, 2010 na 2015. Ndiyo timu ya kwanza ya Afrika kucheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu, pale Abu Dhabi Desemba 2010, baada ya kuzifunga Pachuca na Internacional. Tangu Moïse Katumbi ashike uongozi 1997, imejenga uwanja wake Kamalondo, imekuza vijana, imeleta wachezaji kutoka nchi za jirani na kuwatunza; Mbwana Samatta wa Tanzania alitoka hapo akiwa mchezaji bora wa Afrika kati ya wanaocheza barani. Huo ni utajiri uliotumiwa vizuri. Anayetaka ligi yenye ushindani kwa kumvunja miguu Mazembe hataki mpira.

Tunachodai ni kitu kingine, na mfano wake bora tumeuona mahali ambapo wengi wa wasomaji wetu hawakutarajia.

Kuna mchezo wa vita unaochezwa mezani kwa sanamu ndogo za plastiki, unaitwa Warhammer 40,000. Ulianza Uingereza mwaka 1987, na kampuni inayoumiliki, Games Workshop, iko Nottingham. Una majeshi mengi, na kila jeshi lina tabia yake. Kuna jeshi la wachache wenye silaha nzito, kuna jeshi la halaiki inayokimbia, kuna jeshi lenye kasi lakini mwili mwepesi. Hakuna anayetaka majeshi hayo yafanane, kwa sababu tofauti zao ndizo zinazoleta utamu. Basi yanalinganaje? Kila askari na kila kifaru kina bei ya pointi. Wachezaji wawili wanakubaliana jumla, mara nyingi pointi 2,000, kila mmoja anapanga jeshi lake ndani ya jumla hiyo. Anayetaka dubwana kubwa anapata dubwana moja na askari wachache. Anayetaka askari wengi anawapata, lakini dubwana hana.

Jambo linalotugusa liko baada ya hapo. Kampuni hukusanya matokeo ya mashindano na kuangalia kila jeshi limeshinda mara ngapi katika mechi 100. Imejiwekea mpaka hadharani: jeshi lishinde kati ya mechi 45 na 55. Likizidi hapo, bei zake zinapandishwa au kanuni zake zinapunguzwa makali. Likishuka, linasaidiwa. Kazi hiyo inarudiwa mara kadhaa kwa mwaka. Mwaka 2022 jeshi jipya la Leagues of Votann lilionekana kuwa na nguvu kupita kiasi, likarekebishwa hata kabla halijaenea madukani. Mwaka 2023 toleo la 10 lilipotoka, jeshi la Aeldari likaanza kuwafagia wenzake, nalo likaanza kupunguzwa baada ya wiki chache tu. Wenye Aeldari walilalamika. Kanuni zikabadilishwa hivyo hivyo, kwa maandishi, na kila mchezaji akazisoma siku moja na mwenzake.

Watu hao wanashughulikia plastiki na dadu. Sisi tunashughulikia ajira za vijana, heshima ya miji na Jumapili za watu maskini. Ni haki kuuliza: Linafoot imejiwekea mpaka gani? Nani ndani ya shirikisho la mpira la nchi, FECOFA, ana kazi ya kukaa chini mwisho wa msimu, kuhesabu, na kusema kwamba timu za jimbo letu la Lualaba, za Kasai au za Kivu zimekuwa zikishindwa kwa sababu hii na hii, na kwamba msimu ujao tutabadilisha kanuni fulani ili nazo zipate nafasi?

Mpira hauna bei ya pointi, tunajua. Huwezi kumwambia Mazembe aingie na wachezaji 9. Ila kanuni za mashindano ni mali ya wote, na humo ndimo usawa unapotengenezwa au kuharibiwa. Tuanze na safari. Kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi ni kama kilomita 300 za barabara kupitia Likasi, basi linatosha. Kwenda Kinshasa, Kindu au Goma ni ndege, tena ndege ya watu zaidi ya 20 wenye mizigo, na siku za hoteli wakisubiri ndege ya kurudi. Klabu kubwa inalipa na kusahau. Klabu ndogo inapunguza msafara, inamwacha daktari nyumbani, inafika usiku na kucheza kesho yake mchana. Wachezaji wa mezani wanalijua jambo hili vizuri: jeshi linaweza kuwa na wastani mzuri wa nusu kwa nusu, kumbe linashinda daima dhidi ya hawa na kushindwa daima dhidi ya wale. Wastani unaficha. Timu ya Kolwezi ikishinda nyumbani na kupoteza kila inapopanda ndege, msimamo utaonyesha timu ya katikati, na hakuna atakayeona kwamba tatizo lake ni tiketi, si miguu.

Kwa hiyo pesa ya kwanza ya udhamini wa ligi iende kwenye usafiri, kwa timu zote, kabla mtu yeyote hajagawiwa zawadi. Hili ni pendekezo dogo na lina faida ya haraka kuliko hotuba zote za maendeleo ya michezo.

La pili ni kanuni zenyewe kukaa. Katika miaka 10 iliyopita tumecheza kwa kanda za mashariki, magharibi na kati, tukacheza ligi moja ya nchi nzima, tukarudi kwenye makundi mawili na mechi za mwisho za kutafuta bingwa. Msimu wa 2019-2020 ulikatizwa na Korona, na hilo halikuwa kosa la mtu. Msimu wa 2022-2023 haukumalizika, wala bingwa hakupatikana. Klabu tajiri inaweza kuvumilia msimu uliokufa. Ina michuano ya CAF, ina mikataba, ina mwenye mali. Klabu ya Kolwezi msimu ukifa imebaki na mishahara ya wachezaji bila kiingilio cha mlangoni. Kila kanuni inayobadilishwa katikati ya njia humpiga mdogo kwanza. Mchezo wa mezani hurekebishwa kila mara, ndiyo, lakini mashindano yakishaanza, kanuni za siku ile ndizo zinazotumika mpaka mshindi apatikane.

Kisha pesa ya televisheni na wadhamini. Uingereza hugawa nusu ya mapato ya ndani ya televisheni sawa kwa sawa kwa klabu zote 20 za Ligi Kuu, robo kwa nafasi ya timu katika msimamo, na robo nyingine kwa idadi ya mechi zake zilizoonyeshwa. Hispania ilikuwa ikiacha kila klabu iuze haki zake yenyewe, Real Madrid na Barcelona zikabeba fungu kubwa. Mwaka 2015 serikali ikatunga sheria haki hizo ziuzwe kwa pamoja. Karibu na kwetu, Tanzania ilitia saini na Azam Media mwaka 2021 mkataba wa miaka 10 wa Shilingi bilioni 225.6, na klabu za miji midogo zinapata fungu lao.

Wala hatutaki kumdanganya msomaji kwamba mgawo wa televisheni unatibu kila kitu. Ujerumani wanagawana, na bado Bayern ilichukua ubingwa mara 11 mfululizo, kuanzia 2013 hadi 2023. Tanzania kwenyewe, mbali na Yanga na Simba ya huko, klabu ya mwisho kuwa bingwa ni Azam, mwaka 2014. Tofauti ni kwamba sakafu imeinuka. Namungo, timu ya Ruangwa mkoani Lindi, ilifika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika msimu wa 2020-2021. Ruangwa si mji mkubwa kuliko Kolwezi, wala haina kobalti inayotafutwa na dunia nzima.

Pesa ya nchi ipo. Julai 2025 serikali yetu ilitangaza mkataba wa misimu 4 na FC Barcelona ili jina la Kongo litangazwe kupitia klabu hiyo, na kiasi kilichoandikwa katika magazeti kilizidi Euro milioni 40. Kuna mikataba mingine ya namna hiyo na AC Milan na AS Monaco. Watetezi wake wanasema ni ya utalii na sura ya nchi. Sisi tunasema sura ya nchi inaanzia kwenye ligi yake. Mtalii au mwekezaji atakayeliona jina la Kongo kwenye jezi ya mazoezi ya Barcelona, akatafuta mpira wa Kongo, atakuta msimu uliokatika na timu zilizokwama uwanja wa ndege. Sehemu ya pesa hiyo ingelipa tiketi za klabu zote za daraja la kwanza kwa miaka.

Na hapa kwetu? Kolwezi imezungukwa na migodi. Mashamba, KOV, Kamoto, Mutanda, na mbele kidogo Tenke-Fungurume na Kamoa-Kakula: majina haya yanajulikana katika masoko ya London na Shanghai. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 iligawa mrabaha hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 halmashauri za mahali madini yanapochimbwa, 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Juu ya hapo kila kampuni inatakiwa kutoa angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii inayoizunguka. Kampuni inayouza kwa Dola bilioni 1 inadaiwa Dola milioni 3 kwa mwaka.

Hatusemi pesa hiyo inunue washambuliaji. Maji safi Kapata na Luilu, madarasa na zahanati vinatangulia, na mama anayebeba ndoo hatatuelewa tukimwambia vinginevyo. Tunasema kwamba katika mipango ile ya jamii, kiwanja cha vijana chenye nyasi, uzio, taa na kocha anayelipwa kina haki ya kuwamo, na ni nafuu. Na tunasema jambo lingine kwa sauti kubwa zaidi: kampuni ikitaka kusaidia mpira, isaidie kupitia mfuko mmoja wa jimbo ulio wazi, wenye hesabu zinazobandikwa ukutani, unaogawia klabu zote kwa kanuni moja. Siyo bahasha kwa rais wa klabu. Klabu inayoishi kwa moyo wa mkubwa mmoja inakufa siku mkubwa huyo anapokasirika, anaposhindwa uchaguzi au anapohamishwa kazi. Tumezizika timu za namna hiyo za kutosha katika jimbo hili.

Kuna pesa nyingine ambayo klabu zetu zinaiacha mezani. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, FIFA inataka asilimia 5 ya bei yake igawiwe klabu zilizomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu iliyokaa naye misimu 4, akiwa na miaka 12 mpaka 15, inastahili asilimia 1 ya bei yote. Kijana akiuzwa Dola milioni 1, hiyo ni Dola 10,000, na kwa timu ya mtaa ni mipira, viatu na usafiri wa mwaka mzima. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayopitisha malipo hayo. Sharti la msingi ni hili: mtoto awe ameandikishwa, jina lake, tarehe yake ya kuzaliwa na klabu yake viwe katika daftari la shirikisho. Mtoto aliyecheza Manika miaka 4 bila karatasi, kwa FIFA hakuwahi kucheza Manika. Viongozi wa klabu za Lualaba, fungueni madaftari wiki hii. Hili halingoji Kinshasa.

Mtu wa Mazembe atauliza kwa nini akubali haya yote. Tunamjibu kwa habari ya nchi yake. Tarehe 30 Oktoba 1974 dunia nzima iligeukia Kinshasa kutazama pambano la ngumi, kwa sababu George Foreman alikuwa na nguvu za kutisha na Muhammad Ali alikuwa mtu anayeweza kumjibu. Foreman dhidi ya mtu dhaifu isingekuwa habari hata Matete, humo humo Kinshasa. Bingwa anahitaji mpinzani, na anamhitaji kila wiki, si mara 2 kwa mwaka katika mechi dhidi ya Lupopo. Msimu ule wa 2022-2023 ambao ligi yetu ilikatika, Mazembe ilifungwa na Yanga 3-1 Dar es Salaam na 1-0 nyumbani Lubumbashi, ikatoka katika makundi ya Kombe la Shirikisho. Yanga ikaenda mpaka fainali. Msimu wa 2024-2025 katika Ligi ya Mabingwa, Mazembe ikashika mkia wa kundi lililokuwa na Al Hilal, MC Alger na Yanga tena. Sababu ni nyingi, na mojawapo ni hii: Yanga inatoka katika ligi inayochezwa hadi mwisho, penye timu za mikoani zinazoisumbua.

Wengine watasema usawa utashusha kiwango. Hawa wanachanganya usawa na kufanana. Hatuombi Simba ya Kolwezi ipewe pointi za bure wala Mazembe ipokonywe wachezaji. Tunaomba timu yenye kocha mzuri, vijana wenye bidii na uongozi msafi iweze, katika kipindi cha miaka 5 au 6, kufika mechi ya mwisho ya msimu ikiwa bado na matumaini. Leo haiwezi, hata ifanye kila kitu sawasawa, na hilo hatulikubali.

Linafoot na FECOFA, kwa hiyo, zitangaze kanuni za msimu ujao, ratiba na namna ya kugawa kila franka ya udhamini kabla mechi ya kwanza haijachezwa, kwa maandishi na kwa klabu zote siku moja. Ziweke pia mpaka wao, kama walivyofanya wale wa Nottingham, na zichapishe kila mwisho wa msimu jinsi kila jimbo lilivyofanya nyumbani na ugenini. Serikali ya jimbo la Lualaba iite kampuni za madini na klabu zote katika chumba kimoja, na waandishi wa habari wawemo. Na wewe shabiki wa Manika, utakapokutana na rais wa klabu yako Jumapili, mwulize mambo mawili: watoto wenu wameandikishwa, na hesabu za mwaka jana ziko wapi?